Eglantyne Jebb (1876–1928): Mwalimu Aliyeigeuza Sadaka Kuwa Haki

Toleo hili ni la kumbukumbu ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Kamati ya kambi ilituomba sisi walimu tuandike habari za mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yanaweza kutufundisha jambo. Tumemchagua Bibi Eglantyne Jebb, Mwingereza aliyefariki mwaka 1928. Pengine wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Lakini kila mara ofisa wa ustawi wa jamii anapofika katika nyumba ya mlezi na kusema kwamba mtoto huyu ana haki ya kusoma, ana haki ya kutibiwa, ana haki ya kuandikwa jina, anapita katika njia ambayo Bibi huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifyeka.

Tumemchagua kwa sababu ya swali moja linalotusumbua hapa kambini. Mtu akifika mbele ya meza ya ofisi kutaka msaada, je, anaomba au anadai? Anayeomba hutegemea moyo wa mwenye kutoa, na moyo wa binadamu hubadilika. Anayedai hutegemea sheria. Bibi Jebb alianza kazi yake upande wa kuomba na kutoa, akaimaliza upande wa haki. Tutaeleza alifikaje huko.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, katika jimbo la Shropshire, Uingereza. Jamaa yake ilikuwa na nyumba kubwa na mashamba, wala hakupata kulala njaa. Mama yake alipenda kuwafundisha watu wa vijijini kazi za mikono, na mwaka 1884 alianzisha chama cha kueneza mafundisho hayo. Baba yake, aliyefariki mwaka 1894, hakupendelea wasichana waende chuo kikuu, lakini shangazi yake alimtia moyo. Mwaka 1895 akaingia Oxford, katika chuo cha wanawake cha Lady Margaret Hall, akasoma historia.

Alipomaliza mwaka 1898 alifanya jambo ambalo wasichana wa tabaka lake hawakulizoea. Alijiunga na chuo cha ualimu cha Stockwell, London, ili awe mwalimu wa shule ya watoto wa watu wa kawaida. Kisha akaenda kufundisha katika mji wa Marlborough.

Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tunaisoma sehemu hii ya maisha yake kwa tabasamu, maana Bibi Jebb hakufaulu. Darasa lilimchosha, afya yake ikadhoofika, na baada ya muda mfupi akaacha kazi. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na kipaji cha kukaa na watoto. Hakuolewa, wala hakupata mtoto wa kumzaa. Baadhi ya watu hushangaa kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwatetea watoto wa dunia nzima. Sisi hatushangai. Kama haki ya mtoto ingetegemea kupendwa kwake na mkubwa aliye karibu, basi mtoto mtundu, mtoto mchafu na mtoto wa jirani tuliyegombana naye wasingekuwa na haki yoyote.

KAZI YA KUWASAIDIA MASKINI

Baada ya kuacha ualimu alihamia Cambridge pamoja na mama yake, akaanza kufanya kazi katika chama cha kupanga misaada kwa maskini. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vingi Uingereza wakati ule, na hapo ndipo kazi ya ustawi wa jamii ilipoanza kuwa kazi ya kusomewa. Lakini vilikuwa na desturi yake. Mtumishi alikwenda nyumbani kwa maskini, akachunguza tabia yake, akauliza kwa majirani, halafu akaamua kama mtu huyo anastahili kusaidiwa au hastahili. Mwenye kupima alikuwa tajiri, na mwenye kupimwa hakuwa na mahali pa kukata rufani.

Bibi Jebb alijifunza mengi huko, hasa kutafuta habari kamili kabla ya kusema. Alikusanya maelezo juu ya makazi, kazi na elimu ya watu wa mji huo, na mwaka 1906 akatoa kitabu juu ya hali ya jamii ya Cambridge.

Mwaka 1913 alisafiri mpaka Makedonia kupeleka fedha za msaada. Vita vya nchi za Balkani vya mwaka 1912 na 1913 vilikuwa vimewafukuza maelfu ya watu makwao. Aliwakuta wakimbizi, wengi wao Waislamu wa Kialbania, wasio na nyumba wala chakula. Kwa mara ya kwanza aliona kwa macho yake hali ambayo sisi hatuhitaji kuelezwa. Aliona pia kwamba blanketi na unga havitoshi, kwa kuwa waliowafukuza watu hao hawakuulizwa na mtu yeyote.

KARATASI ILIYOMPELEKA MAHAKAMANI

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Dada mdogo wa Bibi Jebb, Dorothy Buxton, alianza kazi ya kutafsiri magazeti ya nchi za ng'ambo, hata ya nchi za adui, ili Waingereza wajue wenzao wanaishije. Bibi Jebb akamsaidia. Katika magazeti hayo waliona habari ambayo magazeti ya kwao hayakuitilia mkazo, yaani kwamba watoto wa Ujerumani na Austria wanakufa kwa njaa.

Sababu ilijulikana. Manowari za Uingereza na washirika wake zilikuwa zikizuia meli za chakula kufika katika nchi za adui. Vita vilisimamishwa tarehe 11 Novemba 1918, lakini kizuizi hicho hakikuondolewa. Kiliendelea mpaka Julai 1919, ili Ujerumani ilazimike kutia sahihi mkataba wa amani. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili alinyimwa maziwa ili mkubwa atie sahihi karatasi.

Mwanzoni mwa mwaka 1919 akina dada hao na wenzao waliunda baraza la kupigana na njaa. Walichapa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria ambaye mwili wake ulikuwa umedumaa kwa kukosa chakula, wakazigawa hadharani katika uwanja wa Trafalgar, London. Sheria ya ulinzi wa nchi, iliyotungwa mwaka 1914, ilikuwa bado inatumika, nayo ilikataza kutoa maandishi ya namna hiyo bila kuyapeleka kwanza kwa wakaguzi wa serikali. Bibi Jebb hakuyapeleka. Alikamatwa, na mwezi wa Mei 1919 akafikishwa mahakamani pamoja na mwenzake, Bibi Barbara Ayrton Gould.

Ndugu wasomaji, tafadhalini tulieni kidogo hapa. Kwa kifungu cha sheria hakuwa na njia ya kutoka, maana karatasi alizitoa kweli na kibali hakuwa nacho. Hata hivyo alisimama akajitetea mwenyewe. Hakukana tendo lake. Aliieleza mahakama kwa nini alilitenda, na hali ya watoto waliokuwa wakifa wakati mahakama ile ikiendelea. Alikutwa na hatia, akatozwa faini ya pauni 5, ambayo ni ndogo ukilinganisha na adhabu ambayo angeweza kupewa. Baada ya kesi, mwendesha mashtaka wa serikali, Sir Archibald Bodkin, mtu yule yule aliyetaka aadhibiwe, alimpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Bibi Jebb hakuzitumia kulipa faini. Aliziweka akiba kwa ajili ya watoto.

Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei 1919, watu walijaa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Inasimuliwa kwamba wengine walikuja na matunda yaliyooza ili wawarushie wanawake hao waliotaka kuwalisha watoto wa adui. Lakini waliposikiliza, walichanga. Hivyo ndivyo ulivyoanza mfuko wa Save the Children, ambao mpaka leo unafanya kazi katika nchi nyingi.

KUTOKA SADAKA KWENDA HAKI

Katika miaka iliyofuata Bibi Jebb alionyesha kwamba anajua kuchangisha. Alizungumza na watu wa dini zote na wa vyama vyote vya siasa. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliagiza makanisa ya Kikatoliki yakusanye sadaka kwa ajili ya watoto wenye njaa. Mwezi wa Januari 1920 ulianzishwa umoja wa kimataifa wa kuokoa watoto, wenye makao yake Geneva, Uswisi.

Mwaka 1921 njaa kubwa ikaipiga Urusi. Serikali nyingi hazikupenda utawala mpya wa huko, na baadhi ya magazeti ya Uingereza yalipinga vikali kuwapelekea Warusi chakula. Mfuko ulifanya kazi pamoja na Fridtjof Nansen wa Norwe, Kamishna Mkuu wa kwanza wa wakimbizi, ambaye hati yake ya kusafiria iliwasaidia watu wengi wasio na nchi. Mwezi wa Septemba 1921 meli iitwayo Torcello iliondoka London ikiwa na tani 600 za msaada. Katika jimbo la Saratov watoto wapatao 300,000 walilishwa kila siku wakati njaa ilipokuwa kali.

Ilikuwa kazi kubwa. Lakini Bibi Jebb aliona udhaifu ndani yake. Mchango hufuata habari. Njaa ikiondoka katika ukurasa wa mbele wa gazeti, na fedha huondoka. Tena mtoto aliyelishwa leo kwa huruma anaweza kuachwa kesho bila mtu yeyote kuwa amevunja sheria. Yeye alitaka pawepo na kitu ambacho serikali zimekitia sahihi, ili mtoto akiachwa na njaa awepo mtu wa kuulizwa.

Inaelezwa kwamba alipanda mlima Salève, ulio karibu na Geneva, akakaa huko na kuandika maneno machache. Mwaka 1923 umoja wake uliyapitisha yakawa Tamko la Haki za Mtoto, na tarehe 26 Septemba 1924 Shirikisho la Mataifa likayakubali. Yalikuwa mambo matano tu. La kwanza, mtoto apewe yanayohitajika ili akue vyema, kimwili na kiroho. La pili, mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotoka arudishwe, na yatima apewe makao. La tatu, wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kusaidiwa. La nne, awezeshwe kujipatia riziki na alindwe asinyonywe. La tano, alelewe akijua kwamba vipawa vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Na juu ya yote hayo iliandikwa kwamba ni wajibu wa wanadamu wote kwa kila mtoto, pasipo kuangalia rangi, taifa wala dini.

Tazameni jinsi lugha ilivyogeuka. Katika chama cha Cambridge aliyechunguzwa alikuwa maskini, ili ionekane kama anastahili. Katika Tamko la Geneva anayechunguzwa ni mkubwa, ili ionekane kama ametimiza wajibu. Watu wanaosomea ustawi wa jamii siku hizi hufundishwa kwamba kazi yao isiwe ya kumkandamiza mtu wanayemhudumia, na kwamba sheria ni chombo kimoja cha kumpa nguvu. Nusu ya somo hilo imo katika ukurasa ule mmoja wa mwaka 1924.

KIFO CHAKE NA YALIYOFUATA

Bibi Jebb alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi kwa ajili ya tezi ya shingo, na alipasuliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo aliendelea kusafiri na kuandika, na tangu mwaka 1925 alishiriki katika kamati ya Shirikisho la Mataifa iliyoshughulikia ulinzi wa watoto. Alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa huko huko. Mwaka 2024 mji wa Geneva uliyahamisha mabaki yake na kuyazika katika makaburi ya watu wanaoheshimiwa na mji huo.

Hatutaki kumsifu kupita kiasi. Tamko lake lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, halikuwa na nguvu ya kuilazimisha serikali yoyote. Pili, lilimweka mtoto kama mtu wa kupokea, halikusema kwamba naye asikilizwe. Na kasoro hiyo ya pili haikuwa ya watoto tu. Mwaka 1931 wenzake waliitisha mkutano Geneva kuzungumzia watoto wa Afrika, lakini Waafrika wenyewe waliokuwamo ukumbini walikuwa wachache sana. Mwenye kutetewa akikosa kiti, hata utetezi mwema huanza kufanana na utawala.

Waliokuja baada yake walirekebisha. Tarehe 20 Novemba 1959 Umoja wa Mataifa ulitoa Tamko jingine lililopanuliwa. Tarehe 20 Novemba 1989 ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na mkataba si tamko, maana nchi iliyouridhia inafungwa nao. Kifungu cha 7 kinataka mtoto aandikishwe mara anapozaliwa. Kifungu cha 12 kinataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi, awe na wazazi au awe peke yake. Kifungu cha 28 ni cha elimu. Mwaka 1990, huko Addis Ababa, nchi za Afrika zilipitisha Mkataba wao wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika mwaka 1999, na kifungu chake cha 23 ni cha watoto wakimbizi.

YALIYOTUPATA SISI

Hapa tunataka kueleza kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mvulana aliyekuwa akiishi na bibi yake. Walifika kwa nyakati tofauti, kwa hiyo jina lake halikuwa katika kadi ya bibi. Posho ya mtu mmoja ililiwa na watu wawili. Alikuwa hodari wa hesabu. Ulipofika wakati wa kuandikisha watahiniwa wa darasa la mwisho, ofisi moja ilimkataa kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Sisi walimu wake tulikwenda kuomba. Tulikwenda mara mbili, tukavaa vizuri, tukanyenyekea. Tulipokelewa kwa huruma, tukaambiwa tuvumilie. Tulivumilia, na mtihani ukapita.

Mwaka uliofuata walikuwapo watoto watatu wenye shida hiyo hiyo. Safari hii ofisa mmoja wa ustawi wa jamii alikaa nasi jioni mbili, akatuonyesha vifungu tulivyovitaja hapo juu, na sheria ya nchi inayotuhifadhi inayohusu watoto. Tuliandika barua, tukavitaja vifungu, tukaomba tujibiwe kwa maandishi na sababu ielezwe. Hatukutukana mtu wala hatukupiga kelele. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, na watoto wote watatu wakaandikishwa. Yule mvulana wa kwanza hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amekwisha kuacha shule na kwenda kubeba mizigo sokoni.

Vifungu vile vilikuwapo tangu kabla hajazaliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuvifungua kwa wakati, na mtu huyo tulipaswa kuwa sisi.

NENO LA MWISHO

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba mambo matatu katika maadhimisho haya. Wazazi na walezi, mtoto akikataliwa mahali, msirudi nyumbani na jibu la mdomo. Ulizeni kwa heshima amekataliwa kwa kanuni ipi, na mwombe iandikwe. Wajumbe wa kamati, tunaomba nakala za mikataba hiyo miwili, kwa Kiswahili, ziwekwe shuleni na katika ofisi ya kamati, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma. Na ninyi watumishi wa mashirika, tunajua kazi yenu ni nyingi na fedha mara nyingi hazitoshi. Fedha zikipungua, tuambieni ukweli kwamba zimepungua. Lakini msimwambie mtu kwamba hana haki, mnapotaka kusema kwamba hamna uwezo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeambiwa anaondoka na uso tofauti.

Sheria si mama, haimbembelezi mtu. Nyingine ni mbaya, kama ile iliyomfikisha Bibi Jebb mahakamani. Yeye hakuikimbia sheria kwa sababu hiyo. Miaka mitano baada ya kutozwa faini alikuwa amelifikisha Tamko lake mbele ya mataifa, nayo yakalikubali. Wazee wetu walilisema kwa ufupi zaidi, kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Tunawatakia nyote maadhimisho mema.

Ni sisi walimu wenu wa shule ya kambi.